Upindo wa Chuma

Mgeni akielekezwa kwa Kipara kupeleka kisu, akifika hutazama kwanza kichwa cha mwenye kibanda, kisha hurudi nje kuhakikisha hajakosea mlango. Nywele zimejaa, nzito za kuvunja chanuo, mvi zimechungulia pembeni tu. Kipara chenyewe kiko mkononi. Mkono wa kushoto, kutoka kifundoni hadi karibu na kiwiko, hauna hata laika moja, kwa sababu kila kisu kinachotoka mezani pake ni lazima kwanza kimnyoe. Kisiponyoa hakitoki, hata mwenye kisu awe amesimama mlangoni anatafuna kucha kwa haraka.

Kibanda chenyewe ni chumba kimoja cha mbele, kimebanwa kati ya bucha na duka la vifaa vya umeme. Nusu ya kulia ni yake. Nusu ya kushoto ni ya mkewe, mshonaji, aliyeweka cherehani yake chini ya dirisha akisema mwenye kutoboa nguo anahitaji mwanga kuliko mwenye kusugua chuma. Wamefanya kazi hivyo tangu watoto wao wako mgongoni hadi watoto wamekuwa watu na kwenda kujitegemea. Wakigombana asubuhi, hadi mchana wamesahau walichogombania, maana kelele za cherehani na za chuma hazimpi mtu nafasi ya kununa vizuri.

Visu vya jikoni na mapanga hunolewa na yeyote mwenye jiwe na mikono miwili. Jina la Kipara lilijengwa na visu vingine: vile vidogo vya mfukoni, vya kukunja, vilivyotengenezwa kwa chuma kigumu kupita kiasi. Chuma hicho ukikipeleka kwenye jiwe la kawaida huteleza tu, kama mguu kwenye sakafu yenye sabuni. Wanoaji wengine wakishindwa hukiweka kwenye jiwe la umeme. Cheche zinaruka, mteja anafurahi, na makali yanapata moto hadi yanageuka rangi ya buluu. Hapo kisu kimeshakufa, ila bado hakijaambiwa. Kipara hakuwa na jiwe la umeme na hakulitaka. Alikuwa na vibao vyake, bamba za chuma zilizopakwa unga wa almasi, kimoja cha kukwaruza, kimoja cha kulainisha, kimoja laini kama shavu la mtoto, pamoja na bakuli la maji na mkanda wa ngozi uliopigiliwa misumari ukingoni mwa meza.

Siri ya kazi yote, kama ni siri, ni kujua wakati wa kuacha. Unasugua upande mmoja wa kisu hadi chuma kiishe kabisa pale ukingoni, na kikiisha, ukingo hujikunja kidogo kuelekea upande wa pili. Baba yake, aliyekuwa mnoaji kabla yake, aliuita upindo, kama upindo wa nguo. Upindo ukitokea, unageuza kisu. Usipotokea, unaendelea. Kwenye chuma laini upindo huonekana hata na mpita njia, lakini kwenye chuma kigumu huwa mwembamba mno, jicho haliupati, taa haiupati. Hupatikana kwa ncha ya kidole tu. Kipara alikuwa akipitisha kidole mara moja, huku akizungumza na mtu mwingine habari nyingine kabisa, na kidole kilimwambia.

Sasa vidole vilikuwa vimeacha kumwambia.

Vilianza viwili, vya kulia, na yeye akasingizia maji baridi. Halafu vikafuata vingine. Asubuhi aliamka vimekufa ganzi, akavikunja na kuvikunjua chini ya shuka mkewe asione, akangoja damu ipite, kama mtu aliyelalia mkono. Damu ilipita lakini ganzi ilibaki. Hakwenda kwa daktari, na hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua na aliwahi hata kuwahubiria wengine, lakini mtu akishakuwa yeye ndiye mgonjwa methali zote huwa za majirani.

Tena alikuwa na hoja. Visu vya jikoni aliendelea kuvinoa kwa sikio, maana chuma kikikaa sawa kwenye kibao kina mlio wake. Hivi vigumu ndivyo vilivyomsumbua. Alisugua, akapapasa, hakuna kitu. Akasugua tena, akapapasa, hakuna. Na kwa kuwa miaka yote aliamini vidole vyake kuliko macho ya watu, akakata shauri kwamba kosa liko kwenye chuma.

“Vyuma vya siku hizi ni vigumu,” alimwambia fundi umeme wa duka la jirani, aliyekuja kuulizia kisu chake cha kumenyea nyaya. “Sijui wanavichanganya na nini huko viwandani.”

Fundi umeme alikubali. Nani angembishia Kipara kuhusu chuma? Maneno hayo yakawa wimbo wake. Mteja akilalamika kwamba kisu kimekaa sana, vyuma vya siku hizi ni vigumu. Akilalamika kwamba kimerudi chembamba, ndiyo hivyo, vyuma vya siku hizi. Aliyasema mara nyingi hadi akayaamini nusu, na ile nusu nyingine ndiyo iliyomnyima usingizi.

Mkewe aliyaona. Tusidhani kwamba mtu anayeshona vifungo miaka yote hiyo haoni. Siku moja Kipara alimpokelea kitambaa cheupe, shati la mteja lililokwisha kukatwa, akamwekea juu ya cherehani, na pale alipokishika pakabaki alama nyekundu.

“Umejikata,” mkewe akasema.

“Wapi?” akauliza, akaanza kuigeuza geuza mbele ya macho yake mikono yake mwenyewe, kama anatafuta bei kwenye bidhaa dukani.

Mkewe aliloweka kitambaa kwenye maji baridi na chumvi. Lakini tangu siku hiyo alianza kumwangalia. Alimwona akishika kikombe cha chai ya moto penye moto wenyewe, si kwenye kishikio, na kukaa nacho hivyo akisimulia habari. Alimwona akidondosha sarafu na kuendelea kutembea. Alingoja aambiwe. Alijua mumewe ni mtu wa kusema jambo likishaiva, basi akampa muda liive, na kila siku iliyopita bila neno moyo wake ulizidi kuingia baridi. Kilichomuuma hasa ni kuona mume anamficha mke aliyelala naye kitanda kimoja, tena habari ya vidole vilevile vilivyomshika mkono alipojifungua.

Kisha ukaletwa mtihani wenyewe, na aliyeuleta ni mdogo wake Kipara.

Huyu ndugu kazi yake ni kubebesha miche. Anakata kijiti cha mchungwa mtamu, anakichomeka kwenye shina la mlimau mkali, anavifunga pamoja hadi vinakuwa mti mmoja. Kazi hiyo inataka kisu ambacho kikipita kwenye kijiti hakiachi hata nyuzi. Ukikata kwa kisu butu jeraha linachanika, na mche unakauka. Kisu anachotumia kilikuwa cha baba yao.

Habari ya kisu hicho familia nzima inaijua, ila haizungumzwi mezani. Baba alikipata ujanani, kisu cha kukunja, mpini wa pembe, chuma kigumu kuliko vyote alivyowahi kushika. Jiwe lake halikuweza kukitia makali. Mnoaji mzima, anayebeba jiwe begani mtaa kwa mtaa, alikuwa na kisu kimoja mfukoni asichoweza kukinoa, na alikipenda hivyo hivyo. Kipara, akiwa kijana, aliapa kwamba yeye ataweza. Vibao vya almasi alivisaka kwa ajili ya kisu hicho, si kwa ajili ya wateja. Siku alipojinyoa nacho mkono mbele ya baba, mzee alicheka hadi akakohoa. Kila mtu akajua kisu kitakwenda kwa nani.

Kikaenda kwa mdogo. Baba akiwa kitandani alisema huyu mkubwa ana vya kunolea, huyu mdogo hana cha kukatia, basi achukue. Kipara aliitikia kwa mdomo uliotabasamu. Hakuwahi kulalamika. Kila msimu wa kubebesha ulipokaribia, mdogo wake alikuja na kisu, Kipara akakinoa kuliko visu vyote, akakirudisha kimefungwa kwenye kitambaa safi. Lakini hakuwahi kukirudisha bila kukifungua na kukikunja mara moja zaidi ya inavyohitajika. Mdogo wake aliona, na alijifanya haoni.

Safari hii kisu kilikaa mezani kwa Kipara siku kadhaa, na zote alizitumia kukisugua. Huko ndiko kosa lake lilikolala. Mteja mwingine angempa kisu kilichonolewa nusu nusu na kusingizia chuma. Hiki hakuweza kukitoa bila upindo. Alisugua upande mmoja, akapapasa. Kimya. Akabadilisha kibao, akachukua kile cha kukwaruza. Kimya. Maji bakulini yakawa ya kijivu, akamwaga, akaweka mengine, nayo yakawa ya kijivu. Ule ukijivu ndio kisu chenyewe kilichokuwa kinaondoka, na upindo ulikuwa umeshatokea zamani, ukatokea tena, ukasuguliwa, ukatokea tena, na vidole vikapita juu yake kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya jamaa bila kubisha hodi. Mwishowe alikata tamaa, akageuza, akasugua upande wa pili, akapitisha kwenye ngozi, akajaribu mkononi. Kilinyoa. Akamshukuru Mungu, akakifunga kwenye kitambaa bila hata kukitazama vizuri. Alitaka kiondoke tu machoni pake.

Sasa, kisu cha kukunja kina jambo moja. Makali yakiliwa sana, ncha hupanda kuelekea mgongoni, na ukikikunja haizami tena ndani ya mpini. Inabaki imechungulia nje kidogo, kiasi cha punje ya mchele. Mezani huioni. Mfukoni, kwa mtu anayetafuta ufunguo, ni habari nyingine.

Mdogo wake alirudi kidole kimefungwa bendeji nene. Hakusalimia, na huyu ni mtu ambaye hata akikukuta bafuni atakusalimia kupitia mlangoni. Aliweka kisu mezani kimekunjwa, ncha ikielekea kwa kaka yake.

Kipara aliona. Kwa macho alikuwa bado mzima. Aliona ncha iliyotokeza, aliona bapa lililopungua hadi limekuwa kama la kisu kingine, na kwa mara ya kwanza aliona kwa pamoja yote aliyoyafanya zile siku zote. Akajua kuna maneno mawili tu, vidole vimekufa, yanayoweza kuliokoa jambo hili, na maneno hayo mawili ndiyo mwisho wa Kipara wa visu vigumu. Watu wangesema maskini, vidole vimemwisha. Mtu asiye na vidole atafanya nini kwenye kibanda hiki, atashika taa amwangazie mkewe?

“Chuma hicho ni kigumu,” akasema. “Ndivyo kinavyonolewa.”

“Miaka yote hukukila namna hii.”

“Safari hii kilikuwa na pengo dogo. Ilibidi niliondoe.”

“Hakikuwa na pengo, kaka.” Mdogo wake aliongea pole pole, na hiyo ndiyo iliyotisha. “Mimi nakishika kila siku. Nilikuwa nakuona unavyokifungua na kukikunja. Nikasema moyoni, ni kaka yangu, atazoea. Kumbe ulikuwa unangoja. Umeona hukupewa, ukaamua ukile kwa kibao, kidogo kidogo, ili nami nisiwe nacho.”

Kipara alifungua mdomo. Cherehani ilikuwa imesimama, na alijua mkewe anasikiliza. Hapo ndipo angesema. Badala yake alitazama bakuli la maji. Afadhali aitwe mwenye kijicho, maana mwenye kijicho bado ni fundi.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” mdogo wake akasema. “Nilikuwa nadhani ni maneno ya wazee tu.” Akasogeza kisu kwa kidole kizima hadi kikafika kwenye mkono wa kaka yake. “Ulikitaka. Kaa nacho.”

Akaondoka. Kipara alibaki na kisu alichokitamani tangu ujana, chake sasa bila ubishi, na hakuweza hata kukisikia mkononi.

Baada ya hapo nyumba ikawa haina raha. Mdogo mtu hakupokea simu, na mambo ya ukoo yakaanza kupitia kwa watu wa pembeni. Binamu mmoja, mwenye mdomo usiolala, alileta habari kwamba huko wanasema Kipara amemtoa ndugu yake damu kwa ajili ya urithi. Kipara akasema waache waseme. Alisema hivyo akiwa ameshika kisu cha fundi umeme, ambacho alikuwa hajakinoa, kwa sababu sasa aliogopa kila kisu chenye chuma kigumu kinachoingia mlangoni. Alivipanga kwenye rafu, kimoja baada ya kingine, na wateja wakaambiwa kesho.

Mkewe alizungumza naye mara moja. Alimuuliza, huku akikata uzi kwa meno, kama kuna jambo lolote angependa kumwambia kabla yeye hajalisikia barabarani. Kipara alijibu kwamba hakuna jambo, ila uchovu. Mkewe alitikisa kichwa. Alikuwa na hasira sasa, hasira ya kweli, kwa sababu anaweza kuishi na mume mgonjwa, anaweza hata kuishi na mume mwongo, lakini kumwona akiwaacha watu wamwite mbaya ilhali si mbaya, hilo lilimshinda. Hata hivyo hakutaka kwenda kumsemea. Siri ya mikono ya mtu si ya mwingine kuitoa mdomoni. Akampigia shemeji yake simu, akamwambia maneno machache tu, kwamba yeye hajawahi kumwomba kitu, leo anamwomba aje.

Shemeji alikuja. Alikataa kukaa. Alisimama upande wa pili wa meza, bendeji imepungua imebaki plasta, akasema amekuja kwa heshima ya shemeji yake na atasikiliza kwa muda mfupi.

Kipara alianza vibaya. Kwa kuwa alikuwa na hatia, alikuja juu. Alikumbusha nani alimlipia nani shule, nani alisaka vibao vya almasi, nani alikaa na baba wodini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya meza, vidole vimetanuka, na alikuwa akisisitiza maneno yake pale pale bila kuuinua. Mkewe aliinuka kwenye cherehani, sindano ya mkono i kidoleni, uzi mweupe bado unaning'inia. Alipita nyuma ya mumewe kama anayekwenda kuchukua mkasi. Akainama, akaichomeka sindano kwenye ncha ya kidole cha kati cha mumewe, polepole, kama anavyochomeka pini kwenye kitambaa kinene, akaiacha imesimama.

Kipara aliendelea kuongea. Alikuwa amefika kwenye habari ya jiwe la baba, nani alilibeba siku ya mwisho.

Mdogo wake alikuwa ameacha kusikiliza. Macho yake yalishuka mezani yakabaki hapo, na uso ukambadilika.

“Kaka.”

“Ngoja nimalize.”

“Kaka, tazama mkono wako.”

Alitazama. Sindano ilikuwa imesimama kwenye nyama yake, uzi umelala juu ya meza, na tone la damu limeanza kujikusanya. Aliitazama kwa muda, kama kitu kilichosahauliwa hapo na mteja. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa analia na hakujificha.

“Tangu lini?” mdogo wake akauliza.

Kipara aliona aibu kama ya mtu aliyevuliwa nguo barabarani, na chini ya aibu ile, jambo ambalo hakulitarajia, aliona afueni. Alikaa kitako. Alisema ni muda sasa. Alisema vidole vyote vya kulia, na vya kushoto vimeanza. Alisema hakukila kisu kwa makusudi, alikuwa anautafuta upindo, aliutafuta hadi kisu kikaisha.

“Kwa hiyo ukaona bora nikuchukie.”

“Niliona ungenichukia kama fundi,” Kipara akasema. “Ningesema kweli, nilijua ungenihurumia.”

Mdogo wake alizunguka meza, akaichomoa ile sindano kwenye kidole cha kaka yake, akamrudishia shemeji yake. Kisha akavuta kigoda akakaa, huku bucha ya jirani ikipiga shoka lake.

Kisu kilikuwa kwenye rafu, nyuma ya vingine. Aliyekitoa ni mdogo mtu. Aliuliza kama kinaweza kupona. Kipara, kwa kuwa kazi humrudisha mtu kwenye akili yake, alieleza: mgongo ushushwe pale karibu na ncha, hadi ncha izame tena ndani ya mpini. Halafu makali yatafutwe upya. Kitakuwa kidogo kuliko alichokiacha baba, lakini kitafunga na kitakata. Kushusha mgongo alikufanya mwenyewe, kwa macho na kwa sikio, akikikunja na kukikagua, hadi ncha ikazama. Ilipofika zamu ya makali alisita, kibao kimelowa, akikitazama tu.

“Nitasugua mimi,” akasema. “Wewe upapase.”

“Sijui huo upindo ukoje. Baba hakunifundisha.”

Kipara alitaka kueleza, akakuta hana maneno. Miaka yote hakuwahi kuhitaji kumweleza mtu. Alifumba macho, akaukumbuka, na kuukumbuka kulimuuma kuliko sindano.

“Pitisha kidole kutoka mgongoni kuja ukingoni, kikaishie nje. Usikipitishe kwa urefu wa makali, utajikata. Unajua kucha ikichanika kidogo, inavyonasa kwenye shuka usiku? Huioni, lakini shuka inaivuta. Hivyo.”

Akasugua. Mdogo wake akapapasa, akasema anadhani umetokea.

“Ukidhani, bado.”

Akasugua tena. Mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kupungua, na mkewe aliwasha taa akaisogeza bila kuombwa. Mdogo wake akapapasa tena. Safari hii alirudisha kidole, akakipitisha mara ya pili, akakunja uso kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali.

“Upo,” akasema.

“Wote? Kutoka kwenye kisigino, pale karibu na mpini, hadi ncha?”

“Kutoka kwenye kisigino hadi ncha.”

Kipara alinyoosha kidole chake mwenyewe, akakipitisha hapo hapo. Hakuna kitu. Aliangalia uso wa ndugu yake, akaamua kuamini, akageuza kisu.

Kilipokwisha kupita kwenye ngozi, alikunja mkono wa shati ili akijaribu, kama desturi. Mdogo wake akamzuia, akakunja wa kwake. Malaika yakaanguka mezani, meusi, na kwenye mkono pakabaki ukanda mtupu. Mkewe Kipara akasema basi sasa ukoo una vipara wawili, na wote wakacheka kidogo, kicheko kilichochoka.

Walikwenda kwa daktari wiki ile ile, mkewe akiwa ameshika begi na majibu ya kila swali atakaloulizwa. Daktari naye alimchoma choma kwa sindano, akampa vidonge na masharti, akasema mishipa ya fahamu ikishaumia hurudi polepole, na mingine hairudi. Kipara aliuliza ni ipi itakayorudi. Daktari akasema hajui.

Vile visu vya rafuni alivirudisha kwa wenyewe kimoja kimoja, bila kuvinoa. Wa mwisho kuja alikuwa fundi umeme, haraka kama kawaida yake, mkono mmoja umeshaingia mfukoni kutafuta pesa. Alikifungua kisu, akakigusisha kwenye ukucha, akaona ni kile kile butu alichokileta.

“Hata wewe kimekushinda? Hivi vyuma vya siku hizi ni vigumu kweli.”

“Hapana,” Kipara akasema. “Chuma ni kile kile. Vidole vyangu ndivyo vimekufa, havisikii tena.”

Fundi umeme alicheka, akidhani ni utani wa Kipara, kisha akaona kwamba hakuna anayecheka naye.